Mistari Ishirini na Miwili

Kabla sijaanza kumsifu, niseme ukweli: kwa miaka miwili mimi na Mama Mistari hatukusalimiana. Tulikuwa wauguzi wa hospitali moja, jengo moja. Yeye alikuwa ghorofa ya juu, chumba namba nne, kliniki ya watoto wenye kisukari. Mimi nilikuwa chini, chumba namba kumi na tisa, kisukari cha watu wazima. Tukipishana kwenye ngazi, yeye alitazama ukuta na mimi nikatazama viatu vyangu.

Jina hilo alipewa na watoto. Mwambie mtoto wa miaka sita kwamba dozi yake ya insulini ni yuniti tatu na nusu, atakutolea macho. Kwa hiyo yeye alimpa mtoto lile bomba dogo la sindano, akamkalisha mapajani na kumwambia, "Vuta dawa, hesabu mistari. Mmoja, miwili, mitatu. Ukifika saba, simama." Kila mstari kwenye bomba lile ni nusu yuniti, lakini mtoto hana haja ya kujua hilo. Mtoto anajua saba. Anaiandika saba kwenye daftari lake, anakwenda nayo nyumbani, na sukari inakaa sawa. Miaka ishirini na mitatu alifundisha hivyo, na sijaona watoto wengine waliojua kujidunga wenyewe mapema kama wale.

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufika mpaka kwenye maegesho, na hakuwa na dogo. Mzazi akimjibia mtoto, alimgeukia na kumwuliza, "Kumbe mgonjwa ni wewe, mama? Haya, vua kiatu nikupime miguu." Watoto walikufa kwa kicheko. Wazazi walimwogopa kidogo, nami, niseme tu, nilimwonea wivu. Kwangu hakuna aliyecheka. Mimi naitwa Foleni, kwa sababu kutwa nzima ninapiga kelele watu wakae kwenye foleni.

Ugomvi wetu ulianzia kwa kijana mmoja aliyeitwa Kimya, kwa vile alikuwa hazungumzi mpaka aulizwe mara mbili. Alipofikisha miaka kumi na minane, mhudumu alichukua faili lake juu, akaliteremsha kwangu, basi. Huko ndiko kuhama kwenyewe. Alikuja kwangu mara moja, akajibu nilichomwuliza, akachukua dawa na kuondoka. Wiki tatu baadaye mama yake alikwenda kumwamsha asubuhi akamkuta amekufa. Sukari ilikuwa imeshuka akiwa usingizini.

Siku iliyofuata Mama Mistari aliingia chumbani kwangu, benchi limejaa wagonjwa, akanipa za uso. Alisema nimempokea mtoto wake kama gunia la stoo. Alisema nimemuua kwa uzembe. Nami sikumwachia. Nikamwambia amewadekeza watoto kiasi kwamba wakitoka mikononi mwake hawajui hata pa kukaa. Maneno yale yalitutoka mbele za watu na hatukuweza kuyarudisha.

Lakini yeye, tofauti na mimi, hakuishia kwenye kununa. Alibuni mpango. Kuanzia miaka kumi na saba, mtoto anaingia kwa daktari peke yake, mzazi anabaki nje hata akilia. Anajifunza kutaja ugonjwa wake, dawa zake na dalili za sukari kushuka. Anajipangia tarehe mwenyewe. Miezi mitatu ya mwisho, namba ya simu ya mzazi inakatwa kwenye faili na ya kijana inaandikwa. Siku ya kuaga kuna jambo moja ambalo watoto walilisubiri kuliko yote: anayeondoka anagawa mabomba yake madogo yaliyobaki kwa wadogo zake wa kliniki, moja moja, kila moja na neno la kumtania anayepewa. Kisha Mama Mistari anamwambia sentensi moja: "Kuanzia leo una kliniki yako. Ukikwama, piga kumi na tisa. Ukinipigia mimi sipokei."

Wa kwanza kumaliza mpango mzima alikuwa Bosi.

Bosi alikuja chumba namba nne akiwa na miaka sita, na wiki ya pili alimwagiza daktari anawe mikono. Jina likakaa hapohapo. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa umeme wa majumbani kwenye chuo cha ufundi, mrefu, ana bisibisi kwenye mfuko wa shati. Siku moja kabla Bosi hajaletwa kwangu, Mama Mistari alishuka ngazi, akasimama mlangoni pangu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Foleni," alisema, "kesho nakuletea mtu. Barua yake hii, kurasa nne. Usome zote."

"Nitasoma, dada."

"Akitoka, njoo uniambie alivyojibu."

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Sitafuti huruma, ila siku ile foleni ilianzia mlangoni ikafika kwenye mizani, na barua ya kurasa nne niliiona kama dharau, kama vile mimi sijui kumpokea mgonjwa. Bosi aliingia saa nne asubuhi. Alikaa, akaweka daftari mezani, akanieleza ugonjwa wake vizuri kuliko mimi ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Nikamwuliza anajidunga ngapi kabla ya kula. Akasema asubuhi ishirini na nne, mchana ishirini na mbili, jioni ishirini na sita. Nikaandika. Daktari akatazama vipimo vyake, akasema sukari yako nzuri, endelea na dozi ileile. Nikampa chupa mbili za insulini na boksi la mabomba kumi, haya yetu ya watu wazima. Alishukuru, akasema anawahi karakana. Nilimwona akipita kwenye foleni na kuwaambia wazee wasogee ukutani watu wapate kupita.

Saa sita kasoro dakika tano nilipanda juu. Nakiri nilipanda kwa raha. Nilikuwa nakwenda kumpa habari njema na kumaliza ugomvi.

Mama Mistari alikuwa anafuta meza. Nilimwambia Bosi wake amefaulu. Alitabasamu mpaka macho yakafumba.

"Alizitaja dozi?"

"Zote kichwani. Leo mchana ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili," alirudia, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. "Na mabomba? Maana jana aligawa yake yote."

"Nimempa boksi jipya." Nilikuwa na moja mfukoni mwa koti, nikalitoa nikaliweka mezani. Sijui kwa nini. Labda kuonyesha kwamba na sisi tunatoa vitu vizuri.

Alilichukua. Akafungua droo, akatoa bomba dogo la watoto, akayalaza pamoja, ubavu kwa ubavu. Tabasamu lilikuwa bado usoni ila macho yalikuwa yameshaacha kucheka. Aliweka ukucha kwenye mstari wa kwanza wa lile kubwa, kisha wa pili.

"Huu mstari mmoja ni ngapi?"

"Yuniti mbili."

"Wangu ni nusu," alisema.

Mistari ishirini na miwili kwenye bomba dogo ni yuniti kumi na moja. Kwenye langu ni arobaini na nne. Hata kama angeacha kuhesabu mistari akafuata tarakimu, angejidunga ishirini na mbili, mara mbili ya dozi yake. Akihesabu mistari, kama alivyofundishwa tangu akiwa na miaka sita, ni mara nne. Kwa binti wa mwili ule, hiyo ni sukari kushuka mpaka aanguke, na akianguka nyuma ya karakana bila mtu kumwona, hainuki tena.

"Anakula saa ngapi?" niliuliza.

"Sita na nusu."

Ukutani ilikuwa saa sita na dakika mbili.

Alipiga simu ya Bosi. Imezimwa. Chuoni kwao simu zinaachwa kwenye sanduku mlangoni mwa karakana. Akafungua faili kutafuta namba ya mama yake Bosi, lakini namba ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya bluu, mistari miwili iliyokolea, hakuna tarakimu hata moja inayosomeka. Aliikata mwenyewe. Namba ya chuo iliita bure kwenye ofisi ambayo huenda wenyewe walikuwa wameshakwenda kula.

"Una pikipiki," alisema.

"Ninayo."

Alitia mabomba matatu madogo na pakiti ya glukosi mfukoni mwa gauni lake jeupe, tukateremka ngazi. Mama Mistari hakuwa mtu wa kukimbia, ila siku ile mimi ndiye niliyeachwa nyuma.

Kutoka hospitali mpaka chuoni ni dakika ishirini na tano kama njia iko wazi, na haikuwa wazi. Kwenye makutano ya soko lori la mchanga lilikuwa limezima katikati, madereva wameshuka wanashauriana. Nilipanda juu ya ukingo wa barabara, nikapita kati ya meza za wauza viatu, nikamwagiwa matusi ya kila aina na sikuwa na la kujibu. Mgongoni kwangu alikuwa ananong'ona. Nilidhani anasali. Nilipotega sikio nikasikia anahesabu, mmoja, miwili, mitatu, akifika ishirini na miwili anaanza upya.

Langoni mlinzi alituinulia daftari la wageni. "Jina, saa ya kuingia, na unayemtembelea."

"Mgonjwa wangu yuko ndani," alisema Mama Mistari.

"Hata mimi naumwa mgongo, mama. Andika jina."

Akampita. Alimpita kama vile lango halina mtu, na mlinzi akageuka kunitazama mimi, nami nikachukua kalamu nikaandika jina, saa sita na dakika thelathini na saba, mkono unakwenda wenyewe. Kisha nikamkimbilia.

Tulimkuta nyuma ya karakana, kwenye benchi la chuma, peke yake. Sahani ya chakula ilikuwa kando yake haijaguswa. Boksi langu la mabomba lilikuwa wazi mapajani. Juu ya kifuniko kulikuwa na bomba moja limejaa dawa karibu nusu, sindano imefunikwa.

"Umejidunga?" Sauti ya Mama Mistari haikufika popote, ilikuwa hewa tu.

"Bado," alisema Bosi. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama gauni lililolowa jasho. "Kuna nini? Nani kafa?"

Mama Mistari alikaa chini. Si kwenye benchi, chini kwenye saruji.

"Nilihesabu ishirini na miwili kama siku zote," Bosi alisema, sasa polepole. "Nikatazama, nikaona dawa ni nyingi. Chupa imeshuka. Nikasema hii siyo yangu, kuna kitu hapa. Nikaenda kuomba simu yangu kwa mwalimu, nikapiga kumi na tisa. Imeita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Sasa nimekaa, sijui nile au nisile."

Simu ya kumi na tisa iko kwenye meza yangu. Hakuna mwingine anayeipokea ila mimi. Wakati binti yule anaomba msaada, mimi nilikuwa juu ya pikipiki nikienda kumpa msaada, na kabla ya hapo nilikuwa juu nikijisifu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi.

"Kwa nini hukunipigia mimi?" Mama Mistari aliuliza.

"Ulisema nisikupigie. Ulisema hupokei."

Mama Mistari alinyoosha mkono akachukua lile bomba lililojaa, akaimwaga dawa kwenye mchanga wa kando mpaka tone la mwisho. Ndipo akamfundisha, palepale chini, mambo ambayo alipaswa kumfundisha mwaka mzima uliopita: yuniti ni nini, mstari ni nini, na kwamba mstari hubadilika ukibadilisha bomba lakini yuniti haibadiliki. Bosi alielewa kwa dakika mbili. Alikuwa fundi, vipimo ndiyo kazi yake.

"Kwa hiyo dozi yangu ni kumi na moja," alisema, akainua bomba la watu wazima kwenye mwanga. "Mbona hapa kumi na moja haina mstari? Kuna kumi, kuna kumi na mbili."

Nikamjibu mimi. Nilimwambia ni kweli, haina, na kwamba kuanzia kesho chumba changu kitakuwa na mabomba madogo hata kama nitayaiba juu. Mama Mistari akampa moja kutoka mfukoni. Bosi alivuta kumi na moja, akatuonyesha, akajidunga, akaanza kula. Alikula kwa haraka ya njaa huku akitukaripia kwamba wauguzi wawili hatuwezi kuacha kliniki mchana kweupe bila mtu wa kupokea simu. Tulimsikiliza kama watoto wa shule.

Mwalimu wake alikuja kuuliza kulikoni. Bosi akamwambia ni watu wake wa hospitali, wamekuja kukagua vifaa.

Tulipofika kwenye pikipiki nilidhani tutacheka. Nilikuwa nimeshapata na mzaha wangu wa kumtania, kuhusu mlinzi na mgongo wake. Lakini Mama Mistari alikuwa amesimama, mkono umeshika kiti, hapandi.

"Kimya alikuwa anajidunga thelathini jioni," alisema.

Nilichomoa ufunguo wa pikipiki.

"Hakugawa mabomba yake, yeye. Wakati ule hatukuwa tunagawa. Alitumia aliyokuwa nayo mpaka yakaisha. Wiki tatu." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hapakuwa na ukali wowote. "Halafu akafungua boksi lako na kuhesabu mistari yangu."

Sote wawili tulikuwa tumemuua. Sijui kulisema kwa upole zaidi. Yeye kwa kumfundisha vizuri, mimi kwa kutomwuliza, na kwa miaka miwili kila mmoja alikuwa ametumia maiti ya kijana yule kumpigia mwenzake.

Angeweza kunyamaza. Nilimshauri anyamaze, na ninaandika haya ili ijulikane kwamba nilimshauri hivyo. Nilimwambia mama yake Kimya ameshazika, ameshalia, utamfukulia nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Jumamosi anakwenda, na kama nina kazi nyingine nisiogope kusema.

Tulikwenda wote. Mama yake Kimya anakaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, anafanya usafi kwenye ofisi za watu. Tulifika saa kumi na moja jioni, jua bado kali. Alitukaribisha bila maneno mengi, na sasa nilijua mwanawe alikopata ukimya wake. Mezani chakula kilikuwa tayari kimeshapakuliwa, sahani moja, imefunikwa kwa nyingine.

Mama Mistari hakuzunguka. Alimweleza yote, akaweka mabomba mawili mezani, dogo na kubwa, akahesabu mistari mbele yake mpaka thelathini. Mimi nilisema sehemu yangu. Sauti yangu ilikuwa mbaya, lakini nilisema.

Yule mama aliinuka, akaingia chumba cha ndani. Alirudi na mfuko wa nguo, akatoa daftari la shule na boksi la mabomba, lile langu, kona zimechakaa. Alilifungua juu ya meza, akayatoa moja moja kwa vidole. Yalikuwa tisa.

"Kwa hiyo alitumia moja," alisema.

"Moja tu, dada," alisema Mama Mistari, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

"Siku ile nilichelewa kazini. Nilimkuta ameshajidunga, ananisubiri. Chakula kikaiva saa mbili usiku." Alikuwa anaongea na boksi, si na sisi. "Daktari alisema sukari ilishuka. Nikajua ni mimi. Nikajua nimemchelewesha kula. Tangu siku hiyo napika saa kumi. Nimeacha kazi mbili kwa sababu walitaka nikae mpaka jioni. Sina wa kumpikia, lakini napika saa kumi."

Mama Mistari alinigeukia mimi, mtu wa kupiga kelele ukumbini, nikalazimika kujibu.

"Hata ungewahi, mama," nilisema. "Hata ungempikia saa tisa. Dawa ilikuwa mara nne. Chakula kisingeizuia."

Hakutusamehe, wala hatukuwa tumekwenda kuombea hilo. Aliyarudisha mabomba tisa kwenye boksi, akalisukuma mpaka mbele ya Mama Mistari, akamwambia alichukue, akawaonyeshe watoto. Kisha akatuomba tuondoke.

Tulipofika mlangoni nilitazama nyuma. Alikuwa amefunua sahani, akagusa chakula kwa ncha ya kidole. Akaifunika tena, akaisogeza pembeni, akakaa mikono mapajani na jua likiwa dirishani. Hakuwa tena na haraka; chakula kingeweza kungoja jioni.